AC haipozi, hita haipashi: kumsaka mkosaji kwa skana kabla ya kutia gesi

Gari likiacha kutoa baridi, jibu la gereji nyingi huwa limeshaandaliwa kabla boneti haijafunguliwa: gesi imeisha, tia gesi. Lakini gesi ya AC haiishi kama petroli. Inazunguka ndani ya mfumo uliofungwa, na ikipungua basi kuna mahali inavuja. Tena si magari machache yanayopelekwa kujazwa huku gesi yake ikiwa tele; kompyuta ya gari ndiyo iliyoinyima kompresa, pampu inayosukuma gesi, ruhusa ya kufanya kazi, kwa sababu inayoijua yenyewe na iko tayari kuisema ikiulizwa.

Skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, ndiyo njia ya kuiuliza. Haipimi kiasi cha gesi, na anayetaka impe jibu la neno moja ataondoka na namba ya msimbo wa kosa mkononi na joto lilelile garini. Itumie kufuata mnyororo wa mambo manne. Ombi la dereva limefika? Kompyuta imetoa ruhusa? Amri imekwenda kwenye kompresa? Presha imebadilika baada ya amri? Palipokatika ndipo pa kufanyia kazi, na yote yaliyotangulia hapo yaache yalivyo.

Skana ipi inafaa

Kile kifaa kidogo cha bluetooth, ELM327, husoma misimbo ya injini inayoanza na herufi P. Si haba: utaona joto la maji ya injini, mizunguko, volti, na misimbo michache ya AC inayokaa kwenye kompyuta ya injini. P0532 na P0533 ni sensa ya presha ya gesi kutoa umeme wa chini mno au wa juu mno, P0645 ni saketi ya rilei (swichi ya umeme) ya klachi ya kompresa, kishikizo cha sumaku kinachoiunganisha na puli, P0480 ni saketi ya feni ya rejeta. Ila kompyuta ya AC yenyewe, yenye misimbo ya herufi B, kifaa hicho hakiifungui. Unahitaji skana inayoingia kwenye kila kompyuta ya gari, kama Launch au Autel, au Techstream kwa Toyota.

Magari yaliyotengenezwa kwa soko la Japani kabla ya 2008 hivi yana lake. Soketi yenye pini 16 ipo chini ya dashibodi kama kawaida, lakini mengi hayazungumzi OBD2, lugha ya pamoja ya kusomea magari. ELM327 ikikwambia haioni gari, usianze kuchimbua waya. Jaribu kwanza skana inayoijua lugha ya kiwanda.

Na kama huna skana kabisa, Toyota nyingi zenye AC ya otomatiki hujisoma zenyewe. Bonyeza AUTO na kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani kwa pamoja, ukiwa umevishikilia washa swichi. Taa za paneli zitamweka mara nne, kisha skrini ionyeshe namba: 00 ni salama, 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya joto la nje, 13 ya evaporeta (kipoza hewa kilicho ndani ya dashibodi), 21 ya jua, 22 ni mzunguko wa kompresa, 23 ni presha, na 41 ni mota ya kibao cha kuchanganya hewa ya baridi na ya moto. Kwenye skana, namba hizohizo huonekana kama B1411, B1412 na kuendelea. Ukibonyeza tena kitufe cha kuzungusha hewa, paneli inaanza kuzijaribu mota na feni moja baada ya nyingine. OFF inakutoa.

Namba 21 imewatia hasara wengi. Sensa ya jua ikipimwa ndani ya gereji yenye giza hujiripoti kuwa mbovu ilhali nzima. Toa gari juani, au iangazie taa ya balbu ya waya ya wati 60 kwa karibu, kisha soma upya. Usiagize sensa kwa sababu ya kivuli cha bati.

Kabla ya kuchomeka

Pima betri: volti 12.4 au zaidi injini ikiwa imezimwa, 13.5 hadi 14.5 ikiwaka. Angalia mkanda wa kompresa. Fungua kichujio cha hewa ya ndani, nyuma ya boksi la glavu. Kikijaa vumbi, hakuna kipimo kitakachokaa sawa. Pitisha tochi kwenye viungo vya mabomba, uso wa kondensa (kipoza gesi kilicho mbele ya rejeta) na mbele ya kompresa ukitafuta doa la mafuta lililoshika vumbi. Gesi hutoka na mafuta yake, kwa hiyo doa hilo ni ushahidi wa uvujaji unaoonekana bila mashine yoyote.

Kisha uliza kama gari limewahi kufungiwa swichi ya pembeni. Kuna mtindo wa kuchukua umeme moja kwa moja na kuupeleka kwenye klachi kupitia swichi iliyotobolewa kwenye dashibodi. Gari la namna hiyo litakuonyesha skrini inayosema kompresa imezimwa huku unaisikia inazunguka. Hakuna ulinzi wa presha wala wa kuganda uliobaki hapo. Rudisha waya wa kiwandani kwanza. Kupima kabla ya hapo ni kupoteza muda.

Kipimo cha kwanza injini ikiwa baridi

Hiki ndicho kipimo chenye faida kubwa kuliko vyote na hakihitaji hata kuwasha injini. Gari lililolala usiku kucha kivulini lina joto moja kila mahali. Washa swichi tu, fungua data za papo hapo, linganisha joto la nje, la ndani, la evaporeta na la maji ya injini. Zote zinapaswa kupishana kwa nyuzi chache. Moja ikijitenga, huyo ni mtuhumiwa.

Kwenye Toyota nyingi sensa ya evaporeta inayosoma -29.7 imekatika waya au soketi imechomoka, ikisoma 59.55 imegusana waya. Namba hizo ni kingo za kipimo chenyewe, hazina uhusiano na joto la gari. Kompyuta ikiona nyuzi -29.7 huamini evaporeta imeganda na haitaruhusu kompresa kamwe, hata ukijaza gesi mara ngapi. Ithibitishe kwa mita ya umeme: takribani kiloomu 4.5 hadi 5.2 kwenye nyuzi 0, na 2.0 hadi 2.7 kwenye nyuzi 15. Upinzani unashuka joto linapopanda.

Sasa presha. Gesi ya R-134a ikiwa imetulia, presha yake inafuata joto la mazingira: kama kPa 470 kwenye nyuzi 20, 565 kwenye nyuzi 25, 670 kwenye nyuzi 30 na 785 kwenye nyuzi 35. Kwa wenye geji za psi hizo ni 68, 82, 97 na 114. Skana ikionyesha namba iliyo karibu na hizo, sensa inasema kweli na ndani kuna gesi iliyo katika hali ya kimiminika. Angalia lakini: haikwambii ipo kiasi gani. Gramu 150 na gramu 450 huonyesha presha ileile injini ikiwa imezimwa. Ndiyo maana fundi anayepima gesi kwa kutazama geji gari likiwa limezimwa anabahatisha.

Skana ikisoma chini sana ya jedwali hilo, unganisha geji. Geji ikikubaliana na skana, gesi imevuja. Geji ikiwa sawa na jedwali lakini skana iko chini, tatizo ni sensa, waya wake au umeme wake wa volti 5. Baadhi ya skana huhesabu presha kamili pamoja na ya anga, kwa hiyo tofauti ya kPa 100 hivi baina yake na geji si ubovu. Nairobi, kwenye mita 1,700 na ushei, tofauti hiyo ni kama kPa 83. Mwinuko huohuo unaeleza kwa nini pampu ya kunyonya hewa inayofika inchi 29 za zebaki Mombasa haivuki 25 Nairobi, na si kwamba pampu imechoka.

Kuuliza maswali manne

Washa injini, AC, feni ya ndani mwisho, joto la chini kabisa, hewa ya ndani. Chagua mistari mitano au sita tu: ombi la AC, amri ya klachi au ya kompresa, presha, joto la evaporeta, joto la maji, mizunguko ya injini. Ukifungua mistari 40, skana ya bei nafuu itasasisha kila baada ya sekunde tatu na tukio lenyewe litakupita.

Ombi likibaki OFF baada ya kubonyeza kitufe, shida iko kwenye paneli, swichi, feni ya ndani au mawasiliano kati ya kompyuta ya AC na ya injini. Feni ya ndani isipozunguka magari mengi hayatumi ombi kabisa.

Ombi likiwa ON na amri ikabaki OFF, kompyuta imekataa. Sababu zake huwa kwenye mistari uliyochagua: presha chini ya kPa 200 hivi, presha juu ya kPa 3,100 hivi, evaporeta inayosomeka karibu na sifuri, maji ya injini yaliyochemka kupita kiasi, au injini inayotaka kuzima. Sababu hiyo ya mwisho husahaulika. Mlango wa hewa ya injini ukijaa masizi, mizunguko inashuka mno pale kompresa inaposhika na kompyuta inaamua kuokoa injini. Dawa hapo ni kusafisha, wala si AC.

Amri ikiwa ON na kompresa haishiki, ondoka kwenye skana ushike mita. Sasa ni fyuzi, rilei, waya, koili (sumaku ya klachi) au ethi, yaani umeme kurudi kwenye bodi ya gari. Kwenye Toyota rilei hiyo huandikwa MG CLT. Ibadilishane na nyingine yenye namba ileile kwenye boksi. Koili nzima huwa na omu 3 hadi 5 na hunywa ampea 3 au 4. Amri ikiwapo, volti kwenye soketi ya klachi zisipishane na za betri kwa zaidi ya nusu volti hivi.

Amri ikiwa ON, kompresa imeshika, na presha haipandi, basi ni gesi kidogo au kompresa iliyochoka. Hapo ndipo geji na mashine ya kuvuta gesi zinapopata kazi yao halali.

Usiruke swichi ya presha kwa kipande cha waya ili "kuona kama itashika". Mafuta ya kompresa husafirishwa na gesi. Mfumo usio na gesi unaiendesha ikiwa kavu. Na kama presha ndiyo iliyokuwa juu, umeondoa kizuizi kilichokuwa kinaulinda mfumo.

Baridi asubuhi, joto mchana

Kompresa inashika gari likiwa limepoa, halafu baada ya nusu saa inaachia na haikubali tena mpaka injini ipoe. Amri kwenye skana bado ON. Kagua upana wa pengo la klachi. Kwenye kompresa nyingi huwa kati ya milimita 0.3 na 0.6, likichakaa likafika 0.8 au zaidi, koili iliyopata moto, ambayo upinzani wake umeongezeka na nguvu yake ya sumaku imepungua, haiwezi tena kuvuta bamba. Jaribio rahisi: kwa kijiti kirefu cha mbao sukuma bamba la klachi taratibu, mkono na nguo mbali na mkanda. Likinasa na baridi ikarudi, umempata. Mara nyingi kuondoa washa moja nyembamba (kisahani kinachoweka pengo) nyuma ya bamba kunatosha, na kompresa nzima haibadilishwi.

Inashika na kuachia kila mara

Tazama ni namba gani iliyosogea mwisho kabla ya kuachia. Presha ikipanda hadi kPa 3,100 na kukata, nenda kwenye sehemu ya foleni hapa chini. Ikiporomoka kuelekea 200, gesi ni kidogo mno au njia imeziba. Evaporeta ikifika nyuzi 1 hadi 3, hiyo ni kazi ya kawaida, na kwa hali ya hewa ya Limuru au Njombe kompresa itakata mara nyingi bila kosa lolote. Amri ikibaki ON huku klachi inaachia, ni umeme. Amri ikikata na hakuna kilichosogea, bonyeza kanyagio la mafuta taratibu ukiangalia mizunguko na ombi. Waya uliolegea kwenye paneli huonekana hapo.

Barabarani baridi, kwenye foleni joto

Hili ndilo lalamiko kuu la mijini. Ukikimbiza gari AC inagandisha, ukifika kwenye foleni inapuliza joto. Maana yake kondensa haipati upepo wa kutosha gari likisimama, na skana inaionyesha waziwazi kuliko kifaa chochote.

Simamisha gari, AC ikiwaka, utazame presha kwa dakika kumi. Kwenye nyuzi 30 hadi 35 na mizunguko 1,500, Toyota nyingi za R-134a hukaa upande wa juu kati ya kPa 1,370 na 1,570, na upande wa chini kati ya 150 na 250. Namba ya juu ikipanda bila kutulia, 1,800, 2,200, 2,700, angalia feni. Haizunguki? Tumia skana kuiamuru iwake. Ikiwaka kwa amri ya skana, mota na rilei ni nzima, na kosa liko kwenye sababu inayoiamuru: sensa ya presha au ya joto la maji. Isipowaka, fuata fyuzi, rilei na mota. Ikizunguka polepole, mota imechakaa, au ni ya gari jingine iliyofungwa "kwa sababu inaingia". Hakikisha pia inavuta hewa kuelekea kwenye injini. Soketi ikigeuzwa nyaya, feni inasukuma hewa mbele na inapigana na upepo wa barabarani.

Feni ikiwa sawa, nyunyiza maji kama mvua laini usoni mwa kondensa. Presha ikianguka kPa 300 au 500 ndani ya nusu dakika na baridi ikarudi, kondensa haipumui. Nafasi kati yake na rejeta hujaa vumbi, majani na manyoya ambayo huyaoni kwa mbele. Legeza rejeta uisafishe kutoka nyuma kwenda mbele, kwa maji ya bomba tu. Mashine ya presha ya kuoshea magari inalaza mapezi na kuharibu kilichokuwa kizima.

Maji yakishindwa kuibadilisha sana, shuku gesi iliyozidi au hewa iliyoingia. Gari lililojazwa kwa "mpaka bomba lipoe" huishia hapa. Magari madogo mengi hubeba gramu 350 hadi 550 tu. Yenye AC ya mbele na nyuma hufika 800 na zaidi. Kiasi halisi kiko kwenye stika chini ya boneti. Gesi iliyozidi haipunguzwi kwa kukisia. Vuta yote, nyonya hewa kwa nusu saa au zaidi, jaza kwa mizani. Stika hiyohiyo inataja aina ya gesi: magari mapya, hasa ya Ulaya, hutumia R-1234yf, na kuichanganya na R-134a ni kuharibu vyote viwili. Mitungi ya bei ya kutupa yenye mchanganyiko wa gesi za jamii ya gesi ya kupikia iepuke kabisa; inawaka, na jedwali la presha hapo juu haliihusu.

Baridi nzuri, kisha upepo unakufa

Baada ya dakika 30 au 40 upepo unapungua ingawa feni inavuma kwa sauti ileile. Ukizima AC kwa robo saa unarudi, na maji mengi yanamwagika chini ya gari. Evaporeta imeganda. Kwenye skana joto lake litakuwa linasoma 7 au 8 huku kipimajoto kwenye tundu la hewa kinasoma 2. Sensa imechomoka kwenye mapezi, mara nyingi baada ya evaporeta kufunguliwa na kurudishwa kwa haraka, au imekuwa nzito kusoma. Kichujio kilichoziba huleta ugonjwa huohuo hata sensa ikiwa nzima. Tofauti ni kwamba hapo skana husoma chini kama inavyopaswa.

Taa ya A/C inamweka

Toyota nyingi hulinganisha mzunguko wa kompresa na wa injini. Vikipishana, kompyuta inaamini kompresa imekwama, inakata klachi kuokoa mkanda na kumwesha taa. Msimbo ni 22 au B1422. Zima injini, zungusha bamba la klachi kwa mkono. Likikataa, kompresa imekufa kweli. Ikivunjika ndani, kondensa na valvu ya kupanulia gesi vimejaa vyuma, kwa hiyo kubadilisha kompresa peke yake ni kuiua ya pili. Likizunguka laini, kagua mkanda, kikaza mkanda, pengo la klachi, kisha sensa yenyewe.

Kompresa isiyo na klachi

Hapa wengi wanapotea. Magari mengi mapya yana kompresa ambayo puli yake haiachi kuzunguka; kiasi cha kusukuma kinarekebishwa na valvu ya umeme ndani. Hakuna mlio wa "ta!" wa kushika, na fundi anayeusubiri atahukumu kwamba kompresa haifanyi kazi. Kwenye skana tafuta mkondo wa valvu hiyo: huanzia 0 hadi karibu ampea 1. Joto likiwa kali na umeweka baridi ya mwisho, unapaswa kupanda. Ukibaki sifuri, rudi kwenye ombi na ruhusa. Msimbo B1451 unahusu saketi yake. Koili yake kwenye Toyota hupima omu 10 hadi 11 kwenye nyuzi 20.

Mkondo ukipanda na presha mbili zikabaki sawa, mulika tochi katikati ya puli. Puli inazunguka lakini nati ya katikati imesimama? Kiungo chake cha usalama kimekatika, na hukatika kwa sababu ndani kulikuwa kuzito. Nati ikizunguka, pima uzito wa gesi kabla ya kuilaumu valvu.

Upande mmoja baridi, mwingine joto

Linganisha shabaha na nafasi halisi ya kibao cha kuchanganya hewa kwenye skana, dereva na abiria. Viamuru kutoka baridi mwisho hadi moto mwisho. Namba zikifuatana lakini hewa haibadiliki, kibao kimevunjika au mkono umechomoka. Namba halisi ikisimama, ni mota au waya. Mlio wa "tak tak tak" nyuma ya dashibodi ni meno ya gia ya plastiki. Mota tatu zikiripotiwa mbovu siku moja pamoja na B1497, usinunue mota tatu. Shuku waya wa mawasiliano wanaoshirikiana, hasa kama redio au paneli ilifunguliwa karibuni. Vibao vikiwa sawa na tofauti bado ipo, gesi pungufu nayo hupoza upande mmoja wa evaporeta kuliko mwingine.

Hita haipashi

Wa pwani hulicheka suala hili mpaka asafiri kwenda Makete mwezi wa saba. Skana inalimaliza haraka: tazama joto la maji ya injini. Likifika 80 hadi 95 na kutulia huko, injini inatimiza wajibu wake. Likiishia 60 au 70 barabarani na kupanda tu unaposimama, thamostati, valvu inayozuia maji yasipite mpaka injini ipate joto, imekwama wazi, au haipo kabisa. Kuing'oa "ili gari lisichemke" ni desturi iliyozoeleka, na bei yake ni hita dhaifu, mafuta mengi, na kwenye baadhi ya magari msimbo P0128. Rudisha thamostati ya kipimo cha kiwanda, na kama gari huchemka, tafuta kinachochemsha.

Joto la maji likiwa sawa, shika kwa uangalifu mabomba mawili ya hita kwenye ukuta wa injini. Yote moto: ni kibao cha hewa, rudi sehemu iliyopita. Moja moto na jingine vuguvugu: hita imeziba, kawaida kwa kutu ya miaka ya maji ya bomba badala ya kulanti (maji maalumu ya rejeta). Yote baridi: maji yamepungua, hewa imenaswa, au valvu ya hita imefungwa. Hewa inayorudi kila ukiitoa, huku namba ya joto ikirukaruka, inaelekeza kwenye gasketi ya silinda hedi. Na kabla ya yote hayo hakikisha mabomba yanaingia ukutani. Hita iliyowahi kuvuja mara nyingi hurukwa kwa kuunganisha bomba kwa bomba, na mnunuzi wa pili haambiwi.

Hybridi

Prius, Aqua na ndugu zao hutumia kompresa ya umeme mkubwa, betri ya volti 201.6 kwa Prius nyingi na 144 kwa Aqua ya kizazi cha kwanza, kupitia nyaya za rangi ya chungwa. Kwenye skana linganisha mizunguko iliyoamriwa na halisi. Asiye na mafunzo na glavu za volti kubwa aishie kwenye skrini. Mafuta yake ni ND-OIL 11 au ya aina ileile ya POE. Matone ya PAG, mafuta ya kompresa za kawaida, hata yaliyobaki kwenye mpira wa mashine ya kujazia, hupunguza uzuiaji wa umeme ndani ya kompresa na kuzaa P0AA6, msimbo wa umeme mkubwa kuvuja. Kwenye Toyota, msimbo huo ukiambatana na namba 611 unaonyesha eneo la AC. Uliza mara ya mwisho gesi ilijazwa wapi na kwa mafuta gani.

Baada ya matengenezo

Futa misimbo, endesha kwa dakika 20 ukijumuisha kusimama, soma upya. Msimbo wa zamani uliofutwa ukarudi sekunde hiyohiyo ni waya uliokatika au kugusana. Unaorudi baada ya joto ni kitu kinacholegea. Kisha piga picha ya skrini: joto la nje, presha, joto la evaporeta, mizunguko, pamoja na gramu ulizojaza, na mpe mwenye gari. Miezi sita baadaye, siku yenye joto lilelile na injini ikiwaka kwa mizunguko ileile, presha ya chini kuliko ile ya pichani itaonyesha uvujaji ungali mdogo, kabla abiria wa nyuma hajaanza kushusha kioo.